Samaki Wekundu Waliokuja Wakati wa Eda

Kwetu mjini mtu hakai ndani ya maji yaliyosimama akasema anaoga. Unajimwagia kwa kata, maji yanakwenda zao na uchafu wako, nawe unabaki safi. Ndiyo maana siku mume wa shangazi yangu aliporudi kutoka mnadani na hodhi la kuogea la Kizungu, la bati, limepakwa rangi nyeupe na lina miguu minne mifupi, nyumba nzima ilitoka kucheka. Kuna Mzungu alikuwa anahama, vyombo vyake vikanadiwa, na yule bwana alikuwa na ugonjwa wa minada. Hakuweza kumsikia dalali akipaza sauti bila kuinua mkono.

Shangazi alilizunguka lile hodhi, akalitazama ndani, akauliza, "Na humu mtu anafanya nini?"

"Anakaa, anaoga."

"Anakaa na uchafu wake, anachemka kama kitoweo? Bwana, hili si hodhi. Hii sufuria ya mtu."

Jina likashika. Sufuria ya mtu ikatiwa ghalani chini, ikajazwa makaa, na kwa miaka kadhaa ikawa chakula cha maneno yao wawili. Mumewe akichelewa kurudi, shangazi alimwuliza kama alikuwa akinunua na kifuniko chake. Naye alimjibu kwamba siku moja atalipandisha ngazi hilo hodhi, amtie yeye ndani na bizari. Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa kutaniana tangu sala ya alfajiri mpaka isha, na sisi tuliozoea hatukushangaa tena.

Kisha yule bwana akafariki. Alirudi kutoka sala ya Ijumaa, akakaa barazani, akaomba maji, na kabla maji hayajafika alikuwa ameshakwenda. Watoto wao walikuwa wameoa na kuolewa, wametawanyika Pemba na Mombasa. Walikuja kuzika wakarudi. Mimi nilikuwa sijaolewa bado, maana mdomo wangu ulikuwa umeshawafukuza wachumba, basi baba akaniambia niende nikakae na dada yake mpaka amalize eda.

Eda ya kufiwa ni kukaa ndani. Mjane hatoki, haonwi na wanaume wasio maharimu zake, hatii wanja wala hina, havai dhahabu, na harufu nzuri haimkaribii mwilini. Hayo yote shangazi aliyashika sawasawa. Kilichonitisha ni yale ambayo sharia haikumtaka ayafanye. Hakusema. Ukimwambia shikamoo aliitikia marahaba, ukimletea chakula alikisogeza, na machozi hata tone halikumtoka tangu siku ya maziko. Alikaa juu chumbani, uso ukutani, hata ngazi hakuishuka. Mwanamke aliyekuwa akiwagombeza kunguru wa jirani akawa kimya kama mtungi mtupu, na mimi nilikuwa naogopa kwelikweli kwamba atamfuata mumewe hivihivi, kwa kukaa tu.

Alikuwapo pia wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, mama mnene mwenye moyo mpana na sauti pana zaidi. Yeye alikuja kuliwaza. Dawa yake ya kila kitu ilikuwa kupika, na kwa kuwa shangazi hakula, mimi nilinenepa.

Asubuhi moja mlango ukabishwa. Nikaenda nikasimama nyuma ya ubao, nikauliza nani. Alikuwa Mgoa, mtumishi wa meli ya moshi iliyotia nanga usiku wa jana kutoka Bombei, na nyuma yake hamali kabeba debe lililotobolewa matundu kifunikoni.

"Hawa samaki wa Bwana," akasema. "Samaki wekundu, wa Kichina. Aliniagiza safari ile. Alisema zawadi ya mkewe, lakini mke asiambiwe mpaka wafike."

Nikamwambia kwamba Bwana amefariki.

Nikamsikia Mgoa akimwambia hamali ashushe debe taratibu. "Mungu amrehemu," akasema. "Mimi sikujua. Njia nzima nimewabadilishia maji kwa mkono wangu."

Nyumba ya eda haingizi mwanamume mgeni, basi maswali yangu yote niliyauliza kupitia ufa wa mlango. Wanakula nini? Kidogo tu, akasema. Wakae wapi? Mahali papana, penye kivuli. Nilikuwa nataka kuuliza maji gani, mara honi ya meli ikalia huko forodhani, naye akaaga akaondoka karibu mbio. Nikafungua mlango, nikaliburuta debe ndani, nikafunua. Subhanallah! Walikuwa wanazunguka humo gizani, wekundu kama ganda la embe dodo lililoiva, mmoja ana mabaka meupe, mmoja mkia wake mrefu mwembamba unampepea nyuma kama shela.

Nilipanda ngazi mbilimbili. Nikamweleza shangazi yote, kwamba mumewe alimwagizia zawadi, kwamba alitaka kumshtukiza, kwamba wamefika. Hakugeuka. Nikadhani hakunisikia, nikawa nageuka kuondoka.

"Wa hai?" akauliza.

"Wa hai, Shangazi."

"Wasife."

Basi. Hilo ndilo neno la kwanza kuniambia kwa hiari yake tangu niingie nyumba ile, na nilishuka nalo kifuani kama mtu aliyekabidhiwa yai. Wale samaki wakifa, nilijua, hakuna wa kumtoa tena yule mwanamke ukutani.

Chini nilimkuta wifi yake ameshashika usukani. "Hawa wageni wa ndugu yangu," akasema, machozi yanamtiririka na mikono inafanya kazi. "Wageni wa marehemu! Watapokewa kwa heshima yao, wasije wakasema wameingia nyumba ya watu bahili."

Na sisi tunajua kupokea wageni. Hilo hatufundishwi na mtu. Ilitolewa sufuria kubwa ya shaba, ile ya kupikia biriani ya harusi, ikasuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ukajiona sura ndani yake. Maji yakachotwa, yakachujwa kwa kitambaa cha melimeli. Mtungi ukafudikizwa juu ya chetezo, ukafukizwa ubani kama ufukizwavyo anapongojwa bwana harusi, ndipo maji yakatiwa humo yapate kunukia. Yalipomiminwa sufuriani, wifi akanyunyiza marashi ya mawaridi juu yake, "kidogo tu, waondokewe na uchovu wa safari." Nilimkumbusha kwamba Mgoa alisema chakula kidogo. Akaniambia hakuna mgeni asiyesema hivyo akiulizwa. Akamega halua nyeusi, akaivuruga kwa vidole, akawaandalia.

Tukawatoa debeni mmoja mmoja, tukawatia sufuriani. Walipendeza, siwezi kusema uongo, wekundu juu ya shaba inayong'aa, na wifi akapiga kigelegele kidogo akajiziba mdomo kwa kukumbuka msiba. Tukakaa kitako kuwatazama. Mara mwenye mabaka akapanda juu, akatoa mdomo nje ya maji, akawa anafungua na kufunga. Wenzake wakamfuata.

"Wanashukuru," akasema wifi.

Mimi sikuamini. Nikachukua pepeo nikawapepea. Wifi akasoma Ayatul Kursiy, akawapulizia. Samaki mmoja akaanza kulala ubavu.

"Nani kafukiza?"

Sauti ilitoka ngazini, nasi sote wawili tuliruka. Shangazi alikuwa amesimama kwenye kidato cha katikati, kajitanda nguo yake nyeupe ya eda, kakonda, na macho yamewaka.

"Nimo edani! Hata mafuta ya nazi sijipaki kichwani, nanyi mnanletea harufu ya harusi mpaka kitandani kwangu! Mna wazimu?"

"Wifi yangu, ni kwa ajili ya wageni."

"Wageni gani?"

Wifi akainyooshea sufuria kidole. Shangazi akamalizia ngazi, akainama, akatazama. Nilimwona akivuta harufu ya yale maji, kisha akachovya kidole akakilamba.

"Mmewatia ndani ya shaba."

"Ile nzuri," akasema wifi.

"Hii haijatiwa bati tangu harusi ya binti yangu wa mwisho! Hata wali hatulazi humu, watu wasije wakafa, nyinyi mnalaza roho? Tena mkasugulia ndimu! Na marashi! Na hiki kinachoelea nini?"

"Halua," nikasema.

"Halua."

"Kidogo."

Alinitazama mpaka nikatamani niwe samaki. Kisha akauliza kama yale maji waliyokuja nayo tumeshayamwaga. Nikamwambia bado, debe liko palepale mlangoni, nilikuwa sijapata nafasi. "Alhamdulillahi kwa uvivu wako," akasema, na mimi nilitukanwa nikafurahi, maana huyu ndiye shangazi niliyekuwa namjua. Akawarudisha mwenyewe kwenye debe, mmoja mmoja, kwa bakuli, bila kuwashika. Shangazi alikulia shamba kando ya kijito. Tangu utotoni alijua kwamba samaki haguswi kwa mkono mkavu.

"Humu hawawezi kukaa," akasema. "Pamewabana. Twendeni ghalani tukatoe ile sufuria ya mtu."

Tulikwenda tukijiandaa kumwaga makaa. Hayakuwamo. Makaa yalikuwa yametiwa magunia na kupangwa ukutani, na nyuma ya magunia hodhi lilikuwa limefunikwa mkeka. Shangazi akauvuta. Ndani palikuwa peupe pe, pamesuguliwa mpaka pembeni. Lile tundu la kutolea maji lilikuwa limezibwa kwa pamba na deheni, ile chokaa iliyokandwa na mafuta ambayo maseremala wa vyombo hupaka mashuani. Ilikuwa imekauka zamani, ngumu kama jiwe, lakini imepakwa ovyo, imevimba huku, imepinda kule, na katikati imebaki alama ya kidole gumba.

"Seremala gani huyu?" akauliza wifi.

Shangazi alikuwa amepiga magoti. Akaweka kidole chake juu ya ile alama.

"Seremala gani! Ni yeye," akasema. "Tazama ilivyopinda. Mtu hajapata kushika hata msumari, akaja humu gizani peke yake akaziba… Na mimi juu huko nikidhani amelala…"

Hakumaliza. Akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa hodhi, akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha wiki zote zile alizokaa kimya, mabega yanamtetemeka, na mimi nililia pamoja naye kwa huzuni na kwa furaha ya kumwona analia. Wifi akatanua mikono amkumbatie. Kabla hajamfikia, shangazi akainua kichwa, vumbi la makaa limemshika mpaka puani.

"Samaki wanakufa, nyinyi mnasimama kuntazama mimi?"

Sijui tulilitoaje lile hodhi. Hamali hakuweza kuitwa, basi tulikuwa wanawake watatu tu. Shangazi alivuta mbele, mimi nikainua ubavuni, wifi akageuka akalisukuma kwa makalio, akisema bismillahi kila hatua. Miguu ya bati ilikwaruza sakafu kwa kelele ya kutia meno ganzi. Jirani akaita kutoka dirishani kwake akiuliza kuna nini huko, jamani?

"Tunahamisha kabati!" wifi akapaza sauti. Kisha akaanza kucheka, na akicheka hana nguvu, ikabidi tumngoje.

Tuliliweka uani chini ya roshani, pale jua linapofika asubuhi tu. Tukachota maji ya kisimani matupu, bila ubani wala kitu, tukayajaza nusu. Shangazi hakukubali samaki wamiminwe. Aliweka debe ndani ya hodhi, akawa anaongeza kata ya maji ya kisima, anasubiri, anaongeza tena. "Mgeni humvui viatu kwa nguvu," akasema. Mwishoni akalilaza debe polepole, wakatoka wenyewe.

Yule aliyelala ubavu hakutoka. Shangazi akamfunga kwa jani la mgomba, akamfukia penye mrehani, akarudi akakaa juu ya kibao kando ya hodhi. Waliobaki walikuwa bado juu, wanatweta. Adhuhuri tukasali kwa zamu, alasiri vilevile. Jua lilipoanza kulegea, yule wa mkia mrefu akafunga mdomo, akageuka, akashuka chini taratibu mpaka akagusa bati. Mwenye mabaka akamfuata. Baada ya muda wote walikuwa chini, wanazunguka, wananusanusa pembe za nyumba yao mpya.

"Wameshuka," akasema shangazi. Akavuta pumzi ndefu. Kisha akatugeukia. "Nyumba hii kuna cha kula, au kuna halua tu?"

Wifi aliondoka mbio nisizopata kumwona nazo tena maishani.

Tangu siku ile makazi ya shangazi yakawa uani. Kila asubuhi alitoa maji machache ya chini kwa kata, akatia mengine yaliyolala usiku mzima kwenye mtungi. Mama mmoja wa shamba aliyekuwa akituletea mchicha aliagizwa mayungiyungi kutoka mabondeni. Akayaleta na tope lake, tukayapanda katika vyungu tukavizamisha. Tulitia mchanga, na kwa kuwa mchanga wa pwani una chumvi, niliuosha mpaka mikono ikaninyauka. Paka alipoanza kuja kukaa ukingoni na kuwatazama kwa mapenzi, shangazi akachukua kawa kubwa la kufunikia chakula akalifunikia hodhi. Viluwiluwi tuliokuwa tukiwamwaga kutoka kwenye mitungi wakawa kitoweo chao, na mbu, wallahi, wakapungua.

Wasemao hawakosi. Wanawake waliokuja kumpa pole walimkuta mjane kakunja mikono ya nguo, anazungumza na maji, wakatoka wakanong'ona kwamba eda gani hii ya kucheza. Maneno yakamfikia wifi.

"Waje waseme hapa," akajibu. "Hodhi pana, nafasi ipo."

Shangazi mwenyewe hakujali. Alikuwa anakula. Alileta sahani yake uani, akala akiwatazama, na wao wakizoea kivuli chake wakaanza kupanda kumlaki, wanamgusa ncha za vidole. Aliteta nao, aliwatania, aliwaambia waliyoyafanya majirani. Wakati mwingine alinyamaza katikati ya sentensi na uso ukamwinama, nami nilijua yuko wapi, nikamwacha. Lakini alirudi. Kila mara alirudi.

Eda ikaisha. Akakogeshwa, akavikwa nguo mpya, na baba yangu akaja kumchukua akakae kwetu, kama ilivyodhaniwa na kila mtu. Shangazi akamwambia, "Kaka yangu, Mungu akuweke. Mimi nina nyumba." Wifi akarudi kwake, akilia njia nzima, na mimi nikaomba nibaki. Baba alikubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Siku moja asubuhi nilikuwa juu nachagua mchele. Shangazi alikuwa uani anasafisha hodhi. Kando ya kisima palikuwa na chungu chenye mizizi ya mayungiyungi aliyoipunguza siku za nyuma, akaiacha na maji yake akaisahau. Mara nikasikia akiita, kwa sauti ya msichana.

"Bwana! Bwana we, shuka upesi uone!"

Ungo ulinikaa mapajani, sikuweza hata kuuweka chini. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita, kahawa ikiiva, mvua ikianza, kunguru wakiiba. Uani pakawa kimya. Alikuwa amejisikia alivyoita. Nilikijua kile kimya, niliishi nacho, na sikutaka kabisa kirudi nyumba ile. Nikasimama, mchele ukamwagika sakafuni.

"Naam!" nikaitika kwa nguvu zangu zote. "Naam, nnakuja!"

Nilishuka nusura nivunjike mguu. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya chungu, machozi mashavuni hakuyafuta, na mdomo unacheka.

"Nlidhani viluwiluwi," akasema. "Tazama vizuri."

Nikainama. Kati ya mizizi kulikuwa na vitu vyembamba kama nyuzi, vingi, vimesimama majini, na kila kimoja kina macho mawili meusi yanayotutazama.

"Watoto wa samaki wake hawa," akasema shangazi. Akavuta kibao, akakaa, akanipa nafasi, tukakaa bega kwa bega kuwaangalia. Uji uliungua jikoni siku ile, tukaunywa hivyohivyo.